Siki, Kuvu na Chupa ya Vulamba

Ninyi wasichana mnaoingia katika kazi ya kusafisha nyumba, anzeni na pua. Ukifika chumbani usishike brosi, usimwage maji. Funga mlango kidogo, simama katikati, vuta hewa. Kama kuna kuvu, pua itakuambia kabla ya jicho: ni harufu ya gunia lililolala na maharagwe mabichi ndani. Ifuate. Mara nyingi itakupeleka nyuma ya kabati, kwa sababu watu wa hapa kwetu Butembo wanapenda kulibandika kabati ukutani kana kwamba litakimbia. Hapo nyuma hewa haipiti, ukuta unatoka jasho, na ule weusi unajilimia shamba lake polepole.

Mimi nimeacha kazi. Magoti yalikataa. Mais, yaani lakini, mwili wangu haujaelewa bado kwamba nimeacha. Nikienda kwa watu kutoa pole ya msiba, macho yanapanda darini kutafuta alama ya maji. Kanisani nimehama benchi mara tatu, kwa sababu ile kona ya kushoto imeota weusi chini ya dirisha na siwezi kusali nikiiona. Mama mmoja aliniuliza kama naona malaika kule juu. Nilimjibu hapana, naona tole, yaani bati la paa, iliyotoboka.

Donc, basi, nawaandikia, labda mikono itatulia.

Kazi nilifundishwa na Mama Zaituni wa Beni. Mume wake alikuwa na lori lililopakia mizigo kati ya Beni na Butembo, na yeye alikuwa na kikundi cha wanawake wanne au watano wa kusafisha nyumba kabla mpangaji mpya hajaingia. Tulisafiri pamoja naye ndani ya kichwa cha lori, tumebanana na ndoo zetu, tukafanya wiki moja Beni kwenye joto, wiki nyingine Butembo kwenye baridi na mvua. Ni Butembo tulikopata kuvu ya kweli. Mama Zaituni alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, lakini akipitisha kidole ukutani nyuma yako, moyo ulikuwa unasimama.

Alitufundisha hivi. Chukua siki, watu wa duka wanaiita vinegre. Ile nyeupe ni nzuri, itie kwenye chupa ya kupuliza bila kuongeza maji. Kama unataka harufu isikae chumbani, loweka maganda ya ndimu ndani ya siki wiki mbili, kisha chuja kwa kitambaa, la sivyo vipande vitaziba mdomo wa chupa. Funga kitambaa puani. Fungua madirisha yote. Puliza kwanza kabla ya kusugua, kwa sababu kuvu kavu ukiisugua unaipeleka kifuani mwako na kwenye ukuta wa pili. Acha saa moja. Nenda ukafanye kazi nyingine, usisimame kuichungulia. Ukirudi, sugua kwa brosi laini, futa kwa maji safi, kausha kwa kitambaa kikavu. Siku ya tatu pita tena uangalie.

Ukuta wa chokaa usiupulizie siki. Itatoa povu, itakula chokaa, na mwenye nyumba atakutafuta. Huo unauosha kwa sabuni, unaukausha, unapaka chokaa mpya, na chokaa yenyewe itamaliza kuvu. Na kama maji yanaingia kutoka juu, hakuna siki itakayokusaidia. Mwambie mwenye nyumba azibe tole kwanza. Hatapenda kusikia. Mwambie tu.

Siki ya dukani ilipopotea, barabara ikiwa mbaya, tulitumia ya ndizi. Ilitoka Kalunguta, kwenye njia ya Beni, kwa mama yake Kanyere. Kanyere alikuwa mwenzangu kikundini, mdogo kwangu kwa miaka michache, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika parsel ya tatu, kiwanja cha tatu kutoka ulipo. Mama yake alikuwa anakamua ndizi na kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na ile iliyochacha kupita kiasi alitupatia kwenye bidon, dumu la plastiki. Mama Zaituni, kwa kuwa ni Mwislamu, hakutaka kuikaribia ikiwa bado pombe. Sisi wakatoliki ndio tuliwekwa walinzi wa bidon mpaka igeuke siki yenyewe. Kila asubuhi aliuliza kutoka mlangoni kama imeshatubu. Siku siki ilipokuwa kali kweli, Kanyere alimpelekea kitambaa kilicholowa, Mama ananusa, anasema sasa inaweza kuingia nyumbani kwake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza kubwa. Nilichukua siki ya ndizi ambayo haijamaliza kugeuka, ina utamu bado, nikapuliza chumba kizima kwa mwalimu mmoja. Baada ya siku nne kuvu ilikuwa imerudi na ndugu zake, na msafara wa sisimizi ulikuwa unapanda ukutani kwa mstari. Mwalimu alituuliza kama tulikuwa tunasafisha au tunapika. Jifunzeni: siki ya nyumbani ionjwe kwenye ncha ya ulimi. Kama kuna sukari hata kidogo, ngoja.

La pili lilikuwa la bikarbonati, magadi ya kuokea. Inasaidia, naam, lakini unaitumia kando: unaifanya uji mzito, unapaka kwenye doa lililobaki, unasugua, unasuuza. Mimi niliona uvivu kubeba vyombo viwili, nikaitia pamoja na siki ndani ya chupa moja na kukaza kifuniko. Ilipasuka jikoni kwa familia moja ya Beni. Mpishi alilala chini ya meza, mwenye nyumba akalala kwenye korido, na sisi wote tukalala, maana kwa vita vya Beni mlio kama ule hauulizwi mara mbili. Tulikaa chini muda mrefu kabla mtu hajasema kwamba kunanuka siki. Kisha tulicheka mpaka machozi. Mpishi peke yake hakucheka. Alienda kukaa nje chini ya ukuta.

Hayo niliyakiri siku hiyohiyo, na Mama Zaituni alinisamehe. Hili ninalotaka kuwaambia sasa sikulikiri.

Ilikuwa Vulamba, mtaa wa Butembo, nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Binti yake alikuwa amejifungua, na alasiri hiyo alikuwa anatoka maternite na mtoto wake wa kwanza. Chumba walichomtengenezea kilikuwa na kuvu kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa cha mtu. Walituita asubuhi ileile. Mama Zaituni alisema kazi ya siki haiharakishwi, mtoto alazwe sebuleni siku mbili. Mke wa mfanyabiashara alikataa. Wageni walikuwa wanakuja, godoro jipya lilikuwa limeshaingizwa. Mama Zaituni alienda naye barazani kubishana kwa adabu. Mvua ilianza kupiga.

Kazi yangu ilikuwa kujaza chupa. Kazi ya Kanyere ilikuwa kuzisuuza kwanza, kisha kupuliza, kwa sababu mikono yake ilifika juu. Nilikuwa na siki mkononi, na karibu yangu kulikuwa na javel ya mwenye nyumba, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Mama Zaituni alikuwa ametukataza tangu siku ya kwanza: siki na javel havionani, hata kwenye ndoo moja, hata kwenye kitambaa kimoja. Hakutueleza sababu, labda hakuijua yeye mwenyewe, alijua tu kwamba ni sumu. Mimi niliwaza kwamba siki inaua kuvu, javel inaua kuvu, vikiwa pamoja vitaua mara mbili na tutamaliza kabla gari la maternite halijafika. Nilitaka pia, niseme ukweli, Mama Zaituni arudi akute ukuta mweupe na aulize ni nani amefanya.

Nilitia nusu kikombe cha javel ndani ya chupa ya siki. Nilikuwa nje kwenye kibaraza cha nyuma, upepo unavuma. Harufu ilinipiga kooni, nikageuza uso, nikafunga haraka. Niliifikiria kuwa ndiyo nguvu ya dawa. Nikampa Kanyere.

Mvua ilikuwa inaingia mpaka kwenye godoro, na Kanyere alifunga madirisha. Alifunga na mlango. Nilisikia anapuliza, anaimba kidogo, anakohoa, kisha anakohoa bila kupumzika. Nilipofungua mlango alikuwa amepiga magoti, ameshika shingo, macho yanatoka maji. Hewa ya mle ndani ilinichoma kama pilipili iliyomwagwa kwenye makaa. Nilimvuta mkono. Mama Zaituni alikuja mbio, akamshika kwapani, tukamtoa mpaka mvuani. Alikuwa anavuta pumzi na pumzi haiingii.

Walimbeba kwa pikipiki mpaka sentre ya afya. Aliponea. Alikaa siku tisa, na alipotoka kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi akipanda hata kijilima. Mtoto mchanga alilazwa sebuleni, kama Mama Zaituni alivyosema tangu mwanzo.

Siku ya tatu Mama Zaituni alitukusanya kando ya kitanda cha Kanyere. Chupa alikuwa nayo mkononi. Aliuliza, bila kupaza sauti:

"Hii chupa, nani aliitayarisha?"

Nilifungua mdomo. Kanyere alinitangulia. Alisema kwa sauti iliyokwaruza:

"Ni mie nilisafishaka machupa, Mama. Pengine javel ilibakia ndani. Sikusuuza muzuri."

Alikuwa anaamini hivyo. Moja ya chupa zile iliwahi kutiwa javel wiki iliyotangulia, na yeye alikuwa amelala pale siku tatu akitafuta kosa lake. Alikuwa amelipata. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi sana. Niliangalia miguu yangu.

Mama Zaituni hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba hawezi tena kumpeleka kwenye nyumba za watu, kwa sababu mtoto mchanga angeweza kuwa ndani. Kanyere alirudi Kalunguta kwa mama yake, akalima maharagwe, akaolewa, akazaa. Mahali pake kando ya Mama Zaituni nilipachukua mimi. Mama alipozeeka aliniachia kikundi chote. Ndoo zile, wateja wale, jina lile zuri nililokuwa nalo Butembo mpaka Beni, vyote vilipita kwenye ule ukimya wa kando ya kitanda.

Msiniulize nililala vipi miaka hiyo. Nilifanya kazi. Nilikuwa naosha chupa za wengine tena baada ya wao kuziosha. Kila msichana mpya nilimkataza kuchanganya, na alipouliza sababu nilisema kuna mtu aliwahi kuumia. Kuna mtu. Nilisema hivyo miaka yote. Lori likipita Kalunguta nilikuwa najifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Sasa sikieni kilichotokea mwaka huu. Katika parsel ninayokaa kulifika familia tatu zilizokimbia vita kutoka upande wa Eringeti. Waliwekwa kwenye depo ya zamani ya mbao, chumba kimoja, watu kumi na wawili, nguo zinakaukia ndani kwa sababu nje ni mvua. Baada ya mwezi kuta zilikuwa nyeusi na watoto wanakohoa. Niliwaita mama zao na wasichana wa jirani wanaotaka kujifunza kazi, nikaleta siki, nikaanza kufundisha. Tulisogeza magodoro, tukatoboa matundu ya hewa juu ya mlango, tukafunga kamba ya nguo chini ya paa la nje. Nilikuwa na furaha, magoti hayakuuma hata.

Kati yao kulikuwa na Neema, binti wa miaka ishirini hivi, mwepesi, anayependa kuuliza. Alitoka kwa jirani na kopo la javel, simu mkononi.

"Mama Katungu, mu telefone banasema tuchanganye na javel, njo kuvu inatoka mbio."

Alikuwa ameshafungua kifuniko. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka, na kopo likamwagika udongoni.

"Hapana changanya," nilimwambia. "Hata tone."

Aliuliza kwa nini. Nilianza ile hadithi yangu ya kuna mtu, na nilishindwa kuimaliza. Watoto walikuwa wanakohoa nyuma yetu. Neema alikuwa ananitazama, anangoja. Aliniuliza nani, huyo mtu. Nikamwambia anaitwa Kanyere. Aliniuliza nani alichanganya. Nikasema: mimi.

Ndivyo ilivyotoka, mbele ya wanawake tisa nisiowajua vizuri, kwenye depo. Neema aliokota kopo, akaenda kulirudisha kwa jirani. Tulimaliza ukuta. Lakini nilipokuwa nafuta niliona kwamba nimewapa wageni neno ambalo lilikuwa mali ya mtu mwingine, na mtu huyo anaishi mwendo wa pikipiki kutoka kwangu.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Dereva aliniambia njia imetulia tangu juzi, kwa namna ile wanavyosema, yaani hajui. Nilimkuta Kanyere nyumbani kwake Kalunguta, amekaa kwenye kiti kidogo, anapukuchua maharagwe. Amekonda. Nilisikia kifua chake kabla hajanisalimu. Aliniita yaya, dada mkubwa, kama zamani, akafurahi, akataka kuinuka aniwekee chai. Nilimwomba asiinuke. Nilisema yote nikiwa bado nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitaongea habari za mvua.

Aliendelea kupukuchua. Alimaliza maganda yaliyokuwa mapajani. Kisha akauliza:

"Ulitiaka ngapi?"

"Nusu ya kikombe."

"Kwa kusudi."

"Kwa kusudi. Mais sikujua kama itakuumiza."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Akamwita binti yake mkubwa, Masika, aliyekuwa anafua nyuma ya nyumba. Masika alikuja na mikono yenye povu. Kanyere alinionyesha kwa kidevu.

"Sema tena. Polepole. Na yeye asikie."

Nilisema tena. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Masika alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama yake, akamwambia kwa Kinande kitu kilichonichoma: kwamba maisha yake yote amekuwa akisuuza vyombo nyuma ya mama, kwa siri, kwa sababu mama mwenyewe aliwafundisha kwamba hajui kusuuza. Kanyere alifunika macho kwa mkono mmoja. Hakulia. Alikaa hivyo, kifua kikipiga filimbi.

Alipoondoa mkono aliniambia tutaenda Beni. Kesho yake. Nitasema mbele ya Mama Zaituni.

Tulienda sisi watatu kwa taxi, na njiani Masika alimuuliza dereva habari za vizuizi. Mama Zaituni ni mzee sana sasa, anakaa kwa mtoto wake wa kiume, anaona kwa jicho moja, masikio yako sawa. Alifurahi kuniona. Alinishika mikono yote miwili, akaanza kumwambia mkwe wake kwamba huyu ndiye Katungu wake. Nilimwacha amalize. Kisha nilisema kwa mara ya tatu.

Mama aliachia mikono yangu. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayesoma. Aliuliza Kanyere amekaa wapi, akaelekeza uso upande ule.

"Kanyere, ni mie nilikufukuza," alisema. "Sikuuliza mara mbili. Unisamehe, mwana yangu."

Kanyere alienda kukaa karibu naye kwenye mkeka. Waliongea. Waliongea habari za mama yake Kanyere aliyekufa, za lori lililouzwa, za bidon za siki, na kuna wakati nilisikia kile kicheko, kifupi, kimekatwa na kikohozi, lakini ni kilekile. Chakula kilipokuja nilipewa sahani kama wengine. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeniuliza kitu pia. Nilikula wali wangu karibu na mlango.

Mama Zaituni hajaniita tena mwanangu. Tulipoaga alinipa mkono, akasema safari njema.

Ninyi mtataka niwaambie kwamba moyo wangu umetulia. Hapana. Umehama tu mahali ulipokuwa unasumbuka. Nikiamka namwaza Masika akisuuza vikombe vilivyokwisha kuwa safi. Wasichana, ile sumu ya nusu kikombe ilitoka chumbani na upepo. Ni ule ukimya ndio sikuupatia dawa, na mimi nilikuwa fundi. Mkikosea kazini, na mtakosea, semeni jioni hiyohiyo, chupa ikiwa bado mkononi na watu wakiwa bado pale.

Tangu wakati ule nimeenda Kalunguta mara tano. Mara ya kwanza Kanyere hakutoka. Mara ya pili tulipukuchua maharagwe pamoja bila maneno mengi. Mara ya tatu Masika alinionyesha kona ya chumba cha watoto iliyoota weusi, nikaisafisha, Kanyere akiwa amekaa mbali nje, upande ambako upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Mara ya nne alinipa chai. Juzi nilimkuta mlangoni, akaniambia ana kazi shambani, hana nafasi ya wageni, nirudi Alhamisi.

Leo ni Jumatano. Nimeshaongea na mtu wa pikipiki.